Wawindaji wa Bwawa la Mkunga

Nilipohamia mtaa ule wa Tabora, kandokando ya barabara ya zamani ya misafara iendayo Ujiji, kitu cha kwanza nilichokijua kwa jirani yangu ni sauti yake. Kila asubuhi, kabla sijaifunua cherehani yangu, ilinifikia kupitia ukuta wa uani.

"Wewe! Muache mwenzio. Muache, nasema! Umekula jana, umekula leo, hilo tumbo ni ghala?" Kisha kimya. Kisha sauti ileile, imeshuka: "Haya, umeshammaliza. Futa mdomo basi."

Nilidhani anaishi na wajukuu walioshindikana, nikamhurumia. Lakini siku zilivyopita bila kusikia mtoto hata mmoja akimjibu, nikaanza kumhurumia kwa sababu nyingine.

Nilipokwenda kujitambulisha nilimkuta uani amepiga magoti kando ya kibwawa, chujio la chai mkononi, miwani imemshukia hadi ncha ya pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikanyage hapo, kuna mtu anatoka."

Nikatazama miguuni pangu, nikatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akanionyesha kwa kidevu bua la jani lililosimama majini. Juu yake alikuwa ameng'ang'ania mdudu mbaya wa rangi ya tope, mgongo umepasuka, na katika ule mpasuko alikuwa anajisukuma kiumbe mwingine, laini, mwenye macho makubwa. Alikuwa kereng'ende. Mama yule alinisimamisha pale juani mpaka mdudu akajinyoosha mabawa, yakakauka, akaruka. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Kazaliwa salama. Sasa niambie, wewe ndiye mwenye cherehani inayolia kama mbuzi? Itie mafuta."

Mtaa mzima ulimwita Mkunga. Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini jina halikustaafu naye. Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitokea upande gani, na katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kuuliza. Alikuwa mtu ambaye ukikaa naye, habari za kuzaliwa ni za watu wengine, yeye ni mpokeaji tu. Wanaume wenye ndevu walimwamkia sokoni kwa sauti ndogo kwa sababu walijua aliwaona siku ya kwanza, wakiwa wamekunjamana na wanalia. Na kama mtu alimsahau, yeye alimkumbusha mbele za watu: "Ulitanguliza miguu wewe. Mpaka leo hujabadilika, unafanya kila kitu kinyumenyume."

Bwawa halikuwa mpango wake. Nyuma ya nyumba kulibaki shimo walipochimba udongo wa matofali, na alipostaafu akaona ni vizuri alisakafie kwa saruji, alijaze maji, afuge perege. Alitaka kitoweo cha karibu, basi. Akanunua vifaranga vya samaki, akavimwaga, akavilisha pumba za mahindi na kuvisubiri vinenepe. Vikaanza kupungua. Alimshuku ndege mdiria, akafunga nyavu. Vikazidi kupungua. Alimshuku paka wa jirani, wakanuniana kidogo. Mwishowe alichota maji kwa karai, akalala kifudifudi kuyachungulia, na humo akaona ulimwengu ambao hakuujua.

Alikuwamo mtoto wa kereng'ende, yule wa rangi ya tope, ambaye hukaa kimya chini ya maji kama jani bovu, kisha mdomo wake wa chini unafyatuka mbele kama mkono na kumnasa anayepita. Alikuwamo mbawakawa wa maji, mweusi anayeng'aa, mwepesi kama aliyepakwa mafuta, na mwanawe mwenye taya mbili zilizopinda kama mundu. Na alikuwamo kunguni wa maji, bapa, wa kahawia, mpana kuliko kidole gumba, mwenye miguu ya mbele ya kukumbatia na mdomo kama sindano. Kunguni huyu alikuwa amemkumbatia kifaranga wa perege wa mwisho, anamfyonza taratibu.

"Nilichukua kandambili nimponde," alinisimulia. "Nikaiinua. Halafu nikamwona anavyomshika yule samaki. Hatapatapi. Anamshika kama muuguzi anavyoshika mkono wa mgonjwa anapotafuta mshipa. Nikasema, ah, huyu anaijua kazi yake. Kandambili nikaivaa."

Hakununua samaki tena. Ukimuuliza habari za perege alijibu kwamba alitaka kufuga kitoweo, Mungu akampa wawindaji, na mpokeaji wa zawadi hachagui.

Aliwapa majina. Mtoto wa kereng'ende alikuwa Mgambo, kwa sababu ya ule mkono unaofyatuka ghafla. Mbawakawa alikuwa Dereva. Kunguni alikuwa Baba, na jina hili lilikuwa na maana yake.

Kunguni wa maji wa aina ile ana desturi ambayo mimi nisingeiamini kama nisingeoneshwa. Jike hutaga mayai yake juu ya mgongo wa dume. Huyapanga moja moja, yamesimama wima, mpaka mgongo wote unafunikwa kama sahani ya karanga. Kisha jike huyo anakwenda zake. Dume ndiye anayebaki nayo. Huyapandisha juu yapate hewa, huyashusha yapate maji, huyapangusa kwa miguu ya nyuma, siku baada ya siku mpaka yaanguliwe.

Mkunga alipoligundua hilo alikaa chini kwenye saruji. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amegombana na waume. Waliwaleta wake zao mpaka getini na kurudi kupiga soga. Waliona aibu kukaa kwenye benchi la kliniki kati ya wanawake. Waliona aibu hata kubeba kapu la kanga. Sasa akawa na shahidi. Mimba yoyote ikisikika mtaani, mume alipata salamu kwamba anaitwa kwa Mkunga, peke yake, na aje mchana wakati jua linaingia vizuri majini.

Ninamkumbuka kijana mmoja wa bodaboda, mzaliwa wa Ulyankulu, mrefu, mcheshi, koti lake la mvua halimtoki hata kiangazi. Mkewe alikuwa mteja wangu. Nilikuwa namtanulia magauni. Siku alipoitwa nilikuwepo, nimepeleka mapazia. Mkunga akachota kwa upawa na kumshikisha.

"Unaona nini mgongoni?"

"Naona... upele, mama?"

"Mayai. Na huyo uliyemshika ni mwanaume."

Kijana akacheka. "Mwanaume gani huyo, mama! Huyu kakaliwa na mkewe."

"Kakaliwa, na mzigo kaubeba. Tazama anavyouyumbisha, hauachi ukose hewa. Hana benchi la kliniki, hana muuguzi wa kumkaripia, na hakuna anayemsifu. Wewe mkeo alikuja juzi kwa miguu kutoka kliniki, na pikipiki yako ilikuwa imepaki kijiweni. Nilipita, nikaiona."

Kijana aliacha kucheka. Alimtazama mdudu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akamrudisha majini polepole, kama mtu anayerudisha kikombe cha mwenyewe. Na mtoto alipozaliwa, baada ya siku si nyingi, watu wa mtaa wa Gongoni walishuhudia bodaboda mmoja akinunua nyanya huku amembeba mtoto mgongoni kwa kanga, amemfunga vizuri kabisa. Wenzake kijiweni walimwita Kunguni. Alikubali jina hilo moja kwa moja, akaliandika kwenye kikinga tope cha pikipiki yake kwa rangi nyekundu, na abiria wageni walimwogopa bila sababu.

Pamoja na mapenzi yale yote, Mkunga alikuwa na mambo yasiyopatana. Vyura aliwaogopa mpaka kutetemeka. Mkono uliopokea watoto wa nusu ya mji haukuweza kumgusa chura. Lakini watoto wa chura, wale wenye mkia, aliwahurumia kupita kiasi. Siku sita za wiki alituambia kwamba kila kiumbe ana riziki yake na tusiingilie. Siku ya saba, akirudi kanisani kwa Wamoravian na kitenge chake cha kwaya, nilimsikia ukutani akipiga kelele, "Leo Jumapili, leo hapana!" na chujio likiingia majini kumwokoa mmoja kutoka taya za mwana wa Dereva. Nilipomchokoza kuhusu hilo alisema hata hospitali ina siku ya kuona wagonjwa.

Alihubiri uvumilivu na hakuwa nao. Foleni ya kununua umeme ilimshinda. Aliwaambia wazazi wapya wasidekeze watoto, kisha mtoto wangu akivuka kwake alirudi na mdomo uliojaa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyochovywa asali, na hamu ya chakula cha nyumbani imekwisha.

Na kuna siku ya sindano. Inasimuliwa mpaka leo.

Mkunga alikuwa maarufu kwa sindano zake. Hakupiga vibaya, ila hakubembeleza. Aliyelia aliambiwa "acha kudeka" na mambo yakaisha. Sasa alasiri moja alikuwa anasafisha majani bwawani kwa mkono mtupu, akamkandamiza Baba bila kumwona. Baba akamchoma kwenye kidole cha shahada. Niliusikia ukelele nikaliacha shati la mtu chini ya sindano ya cherehani. Nilimkuta anazunguka bwawa ameshika kidole, machozi yanamtiririka, anaita mama yake kwa Kinyamwezi, "Mayo! Mayo wane!" Maumivu ya mdudu yule, aliniambia baadaye, ni kama moto uliowekewa ndimu.

Habari ilivuka barabara. Mzee wa duka la vitenge, mwenye asili ya Kiarabu, ambaye kila mtu alijua namna alivyopigwa sindano za malaria na mama huyu zamani, alifunga duka saa ya biashara, akachukua fimbo na kuja kumpa pole. Aliingia uani, akaketi, akavua kofia.

"Pole sana, Mkunga."

"Nimekwisha, mzee wangu."

"Naona. Imeingia vizuri?"

"Imeingia mpaka mfupani."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. Halafu akasema polepole, akilifurahia kila neno kama tende: "Acha kudeka."

Mkunga alicheka, akilia hukuhuku, mpaka tukalazimika kumshika asianguke bwawani. Mzee alirudi dukani kwake akiwa kijana. Na jioni ileile mama yule alipita nyumba za jirani, kidole kimefungwa kitambaa, kuwaambia wagonjwa wake wa zamani pole zilizochelewa.

Lakini si kila aliyekuja pale alikuja kucheka. Mwaka mmoja masika yalikuwa makubwa na mbu wakazidi. Mtoto wa mama muuza maandazi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alilazwa kwa malaria kali. Siku ya pili mama huyo alikuja uani akiwa hajalala, kanga imemkaa upande, na bwana afya wa kata nyuma yake.

"Bwawa lako hili," alisema, akilinyooshea kidole. "Mama, umenizalishia mwenyewe mtoto yule. Halafu unamfugia mbu?"

Nilitegemea Mkunga afoke. Hakufoka. Alikuwa amewaona watoto wengi wa malaria wodini, na baadhi yao aliwafunika shuka kwa mikono yake. Aliketi juu ya ndoo.

"Kama wametoka hapa," alisema, "nalifukia leo. Jembe lipo pale. Bwana afya, chota uangalie. Nikiangalia mimi, nitaona ninachotaka kuona."

Kijana wa afya alichota. Alichota katikati, akachota penye kivuli, akamimina kwenye beseni jeupe na kuinama. Tuliinama wote. Walikuwamo Mgambo na Dereva, na konokono, lakini viluwiluwi vya mbu havikuwamo. Yule mama alianza kulia kwa sauti ya chini. Kisha bwana afya akasogea kona ya nyuma, ambako magugu yalikuwa yamesongamana kama mkeka, akayafunua na kuchota. Humo vilikuwamo. Si vingi, vinajinyonganyonga juu ya maji ambako wawindaji hawakuweza kupenya.

"Vipo, mama," alisema kwa adabu.

"Nimeviona," alisema Mkunga.

Alipandisha gauni, akalipenyeza kwenye kiuno, akaingia majini na kuanza kuyang'oa magugu yale kwa mikono miwili, yeye aliyewaogopa vyura, na vyura wakarukaruka kumpita kila upande. Alikuwa anatetemeka na haachi. Mama wa maandazi alimtazama kidogo, akaweka kanga yake begani kwangu, akaingia naye. Walipomaliza kona ile walitoka wamelowa, wakaanza uwanja wa jirani, na sisi tukawafuata. Kulikuwa na matairi yaliyojaa maji ya mvua, makopo, dimbwi la kwato za ng'ombe nyuma ya msikiti, pipa lisilo na mfuniko. Mpaka jua linapinda mtaa wote ulikuwa nje na majembe, na bwana afya amevua viatu. Bwawa, bwana afya aliliacha libaki, kwa sharti kwamba kingo zisiote magugu na uzio uwekwe watoto wasitumbukie. Mtoto alirudi nyumbani kabla ya Jumapili, amekonda, anadai andazi. Kuanzia hapo mama yake alikuwa mtu wa pili kuruhusiwa kushika chujio.

Miaka ilikwenda. Macho ya Mkunga yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, kushoto na kulia. Alinitumia mimi kuona. "Niambie Mgambo anafanya nini." Nilijifunza kumweleza, na ninaamini ndivyo nami nilivyojifunza kutazama.

Kisha kikaja kiangazi ambacho bomba la mtaa lilikatwa kwa matengenezo na visima vikaanza kutoa tope. Nilikuwa napata ndoo mbili kwa shida. Nikamwambia tunaweza kupunguzia bwawa ndoo moja kila siku, tukisaidiana.

"Hapana," alisema. "Kuna mwanamke pale kona amejifungua juzi. Siwezi kumwagia wadudu maji wakati yeye anaomba ya kuogea. Mimi nilikuwa Mkunga kabla sijawa na bwawa."

Maji yakashuka yakawa ya karai, yakawa ya sahani. Aliacha kwenda nyuma ya nyumba. Asubuhi moja aliniuliza ukutani kama bado wapo, nikamwambia ukweli: tope limepasuka, sioni mtu. Akasema, "Nimewaua kwa kiu," na akaingia ndani. Baadaye binti yake alikuja kutoka Urambo na mumewe kumchukua, akatibiwe macho, akapumzike huko. Aliondoka bila kugeuka upande wa uani.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipokuwa zimenyesha siku kadhaa, gari lilisimama pale nje jioni, jeupe, limeoshwa likang'aa. Mkunga alishuka. Jicho moja lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji na limefunikwa kwa miwani nyeusi. Amekonda, lakini kidevu kilekile. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Naona, eti! Naona kabisa!"

Tulikumbatiana, tukaulizana habari za Urambo, za tumbaku, za wajukuu. Nilikuwa namzuia kijanja asielekee nyuma, maana bwawani kulikuwa na maji ya mvua ya kina cha kiganja tu, matupu, na sikutaka jicho jipya lianze na hilo. Mkwewe alikuwa anashusha mizigo. Hapo kitu kikaanguka juu ya gari: *tap!* Kikaruka, kikaanguka tena.

"Mtoto gani anarusha mawe?" mkwe akafoka.

Mkunga alikuwa ameshafika. Aliinamia boneti, akavua miwani nyeusi. Juu ya bati lile jeupe lililong'aa kama maji alikuwa amelala kunguni wa maji, bapa, wa kahawia, amechanganyikiwa. Tulivyokuwa tunamtazama alifunua mgongo. Chini ya gamba lile kulikuwa na mabawa, mapana, membamba kama karatasi ya sigara. Sikuwahi kuyaona, wala yeye. Siku zote tuliwatazama wakiwa majini, wengi wamebebeshwa mayai, tukadhani ule ni mgongo tu.

"Anaruka," alisema Mkunga. Akanishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu, wanaruka! Hawakufa. Walihama! Kiangazi kile chote mimi nalia Urambo, wao wamehamia kwenye bwawa la mtu mwingine!"

Akaanza kucheka, na machozi yakaja. Mkwewe akaacha sanduku.

"Mama, daktari alisema jicho lisilowe!"

"Daktari atanisamehe."

Alimkinga mdudu kwa pindo la kanga, mbali na vidole, tukaenda nyuma taratibu, mimi nikimwongoza kwa kiwiko ingawa hakuhitaji. Alipiga magoti kwenye saruji. Akaliachia pindo. Kunguni alielea juu ya yale maji machache kama aliyesahau la kufanya, kisha akainamisha kichwa na kuzama.

Mkunga aliinama mpaka pua ikakaribia kulowa, akamfuata kwa jicho lake jipya.

"Karibu," alimwambia. "Na wewe ni mtoto wa nani?"